Mahali Uhai Unapogusika: Elimu ya Marma na Maadili ya Jeraha

Swali la mahali uhai unapokaa katika mwili wa mwanadamu limejibiwa na dini na falsafa kwa namna nyingi. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinauweka uhai wa mwili katika damu, na ndiyo sababu sheria ya Waisraeli ilikataza damu kuliwa; Upanishadi ya Chandogya, mojawapo ya maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu, inasimulia ugomvi wa usemi, macho, masikio, akili na pumzi juu ya nani mkubwa kati yao, ugomvi uliokwisha pale pumzi ilipoanza kuondoka na wengine wote wakajiona wanang'olewa pamoja nayo; na wasemaji wa Kiswahili, wawe wa Lamu au wa Masisi, huutaja uhai kwa moyo na roho pasipo kuona haja ya kuonyesha mahali penyewe kwa kidole. Mpasuaji peke yake ndiye asiyeruhusiwa kuliacha swali hili likielea hewani, kwa kuwa kisu chake kikipita upande wa kulia wa mahali fulani mgonjwa hupona, na kikipita upande wa kushoto hufa.

Miongoni mwa majibu ya kale, lililo refu na la wazi kuliko mengine limo katika Sushruta Samhita, kitabu kikubwa cha upasuaji cha Ayurveda, yaani elimu ya uhai na umri mrefu iliyokuzwa Bara Hindi, ambacho kilikusanywa na kuongezwa na mikono mingi kwa karne kadhaa kabla na baada ya kuzaliwa kwa Kristo. Sura ya sita ya sehemu yake inayohusu mwili inataja mahali 107 panapoitwa marma, jina lenye shina moja na kitenzi cha Kisanskriti cha kufa, na inatamka kwamba kupajua mahali hapo ni nusu ya elimu yote ya upasuaji. Kila mkono na kila mguu umepewa marma 11. Kifua, tumbo na mgongo vimepewa 26. Na kuanzia shingo kwenda juu zimehesabiwa 37. Ukubwa wa kila marma umepimwa kwa wanda, yaani upana wa kidole, na kidole chenyewe ni cha mgonjwa, kwa hiyo mtoto na jitu la miraba minne kila mmoja hubeba kipimo chake mwenyewe. Hilo ni jambo dogo, lakini linaonyesha kwamba waandishi wa kitabu hicho walikuwa wamesimama mbele ya miili halisi. Kitabu hichohicho kinaeleza namna ya kuuchunguza mwili wa maiti: uvikwe majani, utiwe ndani ya kizimba, uachwe ndani ya maji ya mto kwa siku saba, kisha usuguliwe polepole kwa brashi hadi tabaka za ndani zionekane moja baada ya nyingine.

Falsafa ya marma inaanza katika maelezo ya kile kinachopafanya mahali fulani pawe pa hatari. Sushruta, tabibu ambaye kitabu hicho kinabeba jina lake, anasema kwamba marma ni makutano ya vitu vitano, ambavyo ni nyama, mishipa, kano, mifupa na maungio, na kwamba katika makutano hayo ndimo prana, yaani pumzi ya uhai, hukaa kwa tabia yake. Maana ya kauli hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana kwa kuisoma mara moja. Wengi wa wanafalsafa waliouliza juu ya makao ya uhai walitafuta kiungo kimoja kitakachoketi kitini kama mfalme, na hata Charaka, tabibu mwingine mkuu wa Ayurveda, aliona kuwa moyo, kichwa na kibofu cha mkojo ndizo marma tatu zinazozipita zote. Sushruta anazikubali tatu hizo, ila anakataa kwamba uhai ni mali ya kiungo chochote kwa upekee wake. Mfupa peke yake hauna uhai wa kutosha kumuua mtu ukivunjika, na nyama peke yake hukatwa ikapona. Pale ambapo mfupa, mshipa, kano na nyama vinategemeana katika nafasi ndogo, ndipo jeraha dogo linapokuwa jambo la maisha yote.

Mkazi wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hahitaji mfano wa mbali ili kulielewa hilo. Sake, mji mdogo wa teritware ya Masisi ulio kilomita 25 hivi magharibi mwa Goma, kando ya ghuba ya Kabuno ya Ziwa Kivu, haupiti miji mingine ya jimbo hilo kwa utajiri wala kwa wingi wa watu, lakini barabara itokayo Walikale na Masisi na ile itokayo Bukavu kupitia Minova hukutana hapo kabla ya kuingia Goma, na maharagwe, viazi na jibini ya milima ya Masisi hupita hapo kuelekea masokoni. Kwa sababu hiyo Sake imepiganiwa mara kwa mara na majeshi yaliyoutaka mji wa Goma: mwezi Novemba 2006 wapiganaji wa kiongozi wa waasi Laurent Nkunda waliushambulia mji huo, wakazuiwa na vikosi vya Umoja wa Mataifa ambavyo ndani yake walikuwamo askari wa India na helikopta zao za kivita, na mwezi Januari 2025 ulipotekwa na waasi wa M23, Goma nayo ilitekwa siku chache baadaye. Makutano ndiyo yaliyoipa Sake thamani yake, na makutano hayohayo ndiyo yaliyoiletea makombora.

Kwamba elimu ya marma ilizaliwa vitani ni jambo lisilofichika. Zamani sana kabla ya Sushruta, wimbo mmoja wa Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo za dini ya Kihindu, unaohusu silaha unamwonyesha kuhani akizifunika marma za shujaa kwa deraya kabla ya pambano, na mpangilio wa Sushruta mwenyewe ni mpangilio wa mtu aliyewahesabu majeruhi. Marma 19 huua upesi, ndani ya siku saba, na katika hizo zimo utosi, mapanja mawili ya kichwa, mishipa ya shingo, moyo, kitovu na kibofu. 33 huua kwa kuchelewa, baada ya nusu mwezi au mwezi. 44 haziui bali huacha kilema. 8 huleta maumivu makali tu. Na 3, ambazo zitazungumzwa hapa chini, zina sheria yao ya peke yake. Hapa mwili haukugawanywa kwa heshima ya viungo wala kwa usafi na unajisi wake, jambo ambalo lingetarajiwa katika jamii iliyojali sana tofauti hizo. Umegawanywa kwa swali moja la tabibu wa kambi ya vita, nalo ni muda uliobaki.

Sababu alizozitoa Sushruta ni jambo jingine, na uaminifu wa kielimu unadai zitenganishwe na yale aliyoyaona. Anasema marma zinazoua upesi zina asili ya moto, kwa kuwa moto huzimika haraka. Zinazoua polepole zina moto na maji pamoja, kwa kuwa maji hupoa taratibu. Na zinazoacha kilema zina asili ya maji, ambayo ni tulivu na huushikilia uhai. Huu ni ufafanuzi mzuri wa kifalsafa, lakini hauna uwezo wa kutabiri lolote ambalo jicho halijakwisha kuliona. Hata hesabu ya 107 inatia shaka kidogo kwa jinsi inavyokaa sawasawa katika viungo vinne, kana kwamba mikono na miguu haina tofauti baina yake. Panapostahili heshima ni pale mwandishi anapoivunja kanuni yake mwenyewe kwa sababu ya ushahidi: kibofu kikitobolewa mtu hufa, asema, isipokuwa kimekatwa na mpasuaji anayetoa jiwe, na hata hapo mgonjwa huponea tu ikiwa kimekatwa upande mmoja.

Marma tatu zilizobaki zinaitwa vishalyaghna, yaani zile zinazoua kitu kilichoingia kinapotolewa. Moja iko katikati ya nyusi na mbili ziko juu ya mapanja, kwenye mpaka wa nywele. Mtu aliyechomwa mshale mahali hapo, asema Sushruta, ataishi maadamu mshale umo, ukichomolewa atakufa, na kama mshale utaachwa mpaka jeraha litunge usaha na chuma kianguke chenyewe, atapona. Sababu anayoitoa ni kwamba upepo wa uhai umezibwa na kile chuma na utatoroka tundu likiachwa wazi. Tabibu wa leo hatautaja upepo. Atasema kwamba kitu kilichozama mwilini mara nyingi kinauziba mshipa uleule kilioutoboa, na kwamba kukivuta ni kuifungulia damu ambayo barabarani hakuna wa kuizuia. Kwa hiyo mafunzo ya huduma ya kwanza duniani kote hufundisha kwamba kisu, kijiti au kipande cha chuma kilichokwama mwilini kisichomolewe, bali kishikiliwe kwa vitambaa pande zote kisitikisike, na majeruhi apelekwe kwa wapasuaji. Katika upasuaji wa vita kanuni hiyo huenda mbali zaidi, kwa kuwa vipande vya kombora ambavyo kuvitafuta kungeharibu zaidi ya kuviacha huachwa mwilini, na watu wengi huishi navyo mpaka uzeeni. Katika Hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikiunga mkono upasuaji wa majeruhi wa silaha, uamuzi wa kutoa au kuacha hukatwa mara kwa mara juu ya watu waliotoka upande wa Sake na Masisi.

Tafakuri inayotoka hapo inawahusu hata wasiokuwa matabibu. Akili ya kawaida husema kwamba kilicho kigeni na kibaya kiondolewe mara moja, na huruma ya ndugu aliyepiga magoti kando ya majeruhi huharakisha mkono kuvuta. Marma za aina hii zinafundisha kwamba baada ya jeraha mwili umeingia katika hali mpya, na kwamba kilichosababisha madhara kinaweza kuwa, kwa muda, ndicho kinachozuia mauti. Tendo jema, basi, halipimwi kwa usafi wa nia peke yake. Linahitaji ujuzi wa wakati.

Mfano wa kiganja na wayo unashangaza zaidi. Katikati ya kiganja, kwenye mstari wa kidole cha kati, Sushruta anaweka marma iitwayo talahridaya, yaani moyo wa kiganja, na kati ya kidole gumba na cha shahada anaweka nyingine iitwayo kshipra, ambayo jeraha lake huua kwa mitukutiko ya mwili, maelezo yanayomfanya msomaji wa leo afikirie pepopunda inayoingia kwa mwiba au udongo mchafu. Kisha anatoa hoja ambayo mwanzoni inaonekana kinyume cha akili: mtu aliyekatwa mkono mzima anaweza kuishi, huku aliyetobolewa kiganjani akifa, kwa sababu mkono ukikatwa mishipa hujikunja na kutoa damu kidogo, ilhali iliyotobolewa hubaki wazi. Wapasuaji wa sasa wanathibitisha kwamba mshipa mkubwa uliokatwa kabisa hurudi nyuma na kujibana, na uliopasuka nusu hauwezi kufanya hivyo. Kutokana na hoja hiyo Sushruta alishauri kukata kwenye kifundo pale kiganja au wayo unapojeruhiwa vibaya katika marma zake, ushauri uliokuwa mkali lakini wa huruma kwa zama ambazo kufunga mshipa kwa uzi wakati wa kukata kiungo, kama alivyofanya Ambroise Paré wa Ufaransa katika karne ya 16, hakukuwa desturi ya wapasuaji. Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa Wahindi, mungu Krishna mwenyewe anakufa kwa mshale wa mwindaji uliompata mguuni, na msikilizaji aliyejua marma hakuhitaji kuelezwa kwa nini jeraha la mguu lilitosha.

Msomaji wa Walikale atakumbuka kwamba katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, shujaa huyo anatoka tumboni mwa mama yake kwa kupitia kidole cha kati. Ingekuwa rahisi kuunganisha kidole hicho na moyo wa kiganja wa Sushruta na kudai kuna hekima moja iliyosafiri kutoka mto Ganges hadi misitu ya Walikale, lakini hakuna ushahidi wa safari hiyo, na kufanana kwa namna hiyo huleta furaha kuliko elimu.

Safari ambayo ina ushahidi ilipitia Baghdad. Karibu na mwaka 800, chini ya ulezi wa mawaziri wa ukoo wa Barmaki, tabibu wa Kihindi aliyeitwa Manka alikifasiri kitabu cha Sushruta, nacho kikatajwa na tabibu ar-Razi miongoni mwa rejea zake. Kwa hiyo utabibu wa Kiarabu uliofika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na Uislamu haukuwa mgeni kabisa kwa Sushruta, ingawa msingi wake ulikuwa wa Kigiriki. Nao una ramani yake ya mwili: kuumika kwa Sunna, kwa mfano, kumewekewa mahali maalumu katika mishipa miwili ya shingo na sehemu ya mgongo kati ya mabega. Ramani iliyo karibu zaidi na ya marma, hata hivyo, imo katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, wala haimo katika tiba. Wanasheria walipanga majeraha kwa fidia zake, wakaweka ngamia watano kwa jeraha la kichwa linalofunua mfupa na theluthi ya fidia kamili ya mtu kwa lile linalofika kwenye ngozi ya ubongo au linalotoboa na kuingia ndani ya kifua au tumbo. Sushruta anauliza kwa kila jeraha mgonjwa amebakiwa na siku ngapi. Mwanasheria anauliza aliyejeruhi anadaiwa nini. Wote wawili walijua kwamba kina cha jeraha na mahali pake ndivyo vinavyolifanya kosa kuwa kubwa au dogo, na Masisi, ambako waliojeruhiwa ni wengi na waliolipa fidia hawaonekani, swali la mwanasheria lingali likisubiri jibu.

Fasihi ya Kiswahili ina marma yake moja mashuhuri. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na kitovu kimo katika marma 19 za Sushruta zinazoua upesi. Kinachostahili kufikiriwa zaidi ya mahali penyewe ni namna siri hiyo ilivyotoka. Adui alishindwa kuipata kwa nguvu, akaipata kwa kumtuma mwana, naye baba alimwambia mwanawe kwa kuwa ni mwanawe. Utenzi unasema, kwa njia ya kisa, kile ambacho kitabu cha tiba hakikusema waziwazi: kwamba kujua mahali uhai wa mtu unapogusika ni ukaribu wa hali ya juu, na kwamba usaliti mbaya kuliko wote hufanywa na wale waliopewa ujuzi huo kwa mapenzi. Walimu wa kalaripayattu, sanaa ya mapigano ya Kerala, kusini mwa India, ambayo ndani yake marma hutumika kupiga na pia kutibu, walilijua jambo hili, ndiyo maana mafunzo ya marma yaliwekwa mwisho na kupewa mwanafunzi ambaye tabia yake ilikwisha kupimwa kwa miaka.

Siku hizi marma zinauzwa hotelini na katika nyumba za kukandwa kama vituo vya nguvu vya kuondoa uchovu, na wauzaji hawataji kifo wala mshale. Kukandwa na kupakwa mafuta hakuna ubaya, na anayetoka ametulia amepata haki yake kwa fedha yake; ila madai kwamba kubonyeza mahali hapo huponya magonjwa makubwa hayajapata uthibitisho wa kuaminika, na aliye na uvimbe au homa isiyoisha asicheleweshwe nayo. Askari wa India waliolinda Sake mwaka 2006 nao hawakuleta marma Kivu: hospitali ambayo nchi yao imeiendesha Goma kwa ajili ya kikosi cha Umoja wa Mataifa ni ya tiba ya kisasa, yenye vyumba vya upasuaji na mashine za picha. Elimu ya Sushruta haihitaji kurudishwa kama ilivyokuwa. Sehemu yake iliyothibitika imekwisha kuingia katika upasuaji wa dunia nzima, na iliyobaki ni ya falsafa, nayo isomwe kama falsafa.

Kuna jambo moja tu ambalo zama hizi zinapaswa kuliamua tofauti na walimu wa Kerala, nalo ni siri. Ujuzi wa kuua umekwisha kuenea bila mwalimu, kwa maana kombora halichagui marma na anayelirusha hahitaji kujua hata moja. Ujuzi wa kuokoa ndio uliobaki kwa wachache. Makanisa, misikiti, shule na vituo vya afya vya Sake, Masisi na Walikale vinaweza kuufundisha kwa saa chache pasipo vifaa vya gharama: damu inayoruka ibanwe kwa mkono na kitambaa pasipo kuachia, kipande kilichozama kisichomolewe, jeraha la kifua au tumbo lisipakwe dawa wala udongo, majeruhi afunikwe asipate baridi, na gari au pikipiki itafutwe mara moja. Viongozi wa dini walio na watu mbele yao kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili waombwe kuyaanzisha mafunzo hayo.